Ardhi ya nani hii? Namna ya kuisoma Wyoming kabla hujatoka barabarani

Chukua ramani ya Wyoming, jimbo la magharibi mwa Marekani, inayochapwa na BLM, idara ya shirikisho inayosimamia ardhi ya umma, uitandaze juu ya boneti ya gari. Kabla hujaona mlima wala mto utaona rangi: zambarau, kijani, njano, buluu, chungwa, na katikati yake vipande vyeupe vilivyotapakaa kila upande. Inua macho uangalie nchi yenyewe, mipaka hiyo yote inatoweka. Ni majani makavu, vichaka vya seji, ng'ombe weusi waliotawanyika na theluji huko juu. Lakini kila rangi ile ramanini ina mwenyewe, ina sheria yake na askari wake, na jambo lisilo kosa kwenye njano linaweza kukufikisha mahakamani kwenye nyeupe, hatua moja pembeni.

Wauza safari huko hutangaza vitu vitatu: milima, makauboi na utamaduni wa wenyeji wa asili. Huvitangaza kana kwamba havijuani, leo hiki kesho kile. Kwa kweli ni ardhi ileile iliyogawanywa mara kadhaa kati ya miaka ya 1860 na 1930, na kila mgao uliacha rangi yake. Anayefahamu mgao huo ataelewa kwa nini hapa anaruhusiwa kupiga hema bure na pale anafukuzwa, kwa nini ng'ombe wa mtu binafsi wanakula majani ya serikali, na kwa nini mwezi Juni anaombwa asipande mwamba ambao Julai anaupanda bila neno.

Msomaji wa Tanzania hatashangaa sana. Naye anajua kwamba hifadhi ya taifa, pori la akiba, pori tengefu, ardhi ya kijiji na ranchi ya NARCO ni vitu tofauti hata kama vimepakana. Tofauti ni kwamba kule Wyoming karibu nusu ya jimbo ni mali ya serikali ya shirikisho, na kati ya rangi moja na nyingine mara nyingi hakuna geti wala kibao.

Zambarau: pori lililofanywa tupu

Anayefika mji wa Jackson kwa ndege hutua ndani ya zambarau, rangi ya hifadhi za taifa. Uwanja wa Jackson Hole ndio uwanja pekee wa ndege za abiria za ratiba nchini Marekani uliomo ndani ya hifadhi ya taifa, nayo ni Grand Teton, yenye kilele cha mita 4,199 kinachosimama wima bila vilima vya kukitangulia. Kaskazini yake iko Yellowstone, takriban kilomita za mraba 9,000, iliyoanzishwa tarehe 1 Machi 1872 kwa saini ya Rais Ulysses Grant. Huhesabiwa kuwa hifadhi ya kwanza ya taifa duniani.

Sheria za zambarau ni kali na ni rahisi kukumbuka. Huwindi, huokoti jiwe, hurushi droni, huachi mbwa afuate njia ya porini. Dubu na mbwa mwitu unakaa nao umbali wa mita 91, wanyama wengine mita 23. Karibu kila kiangazi yupo mgeni anayerushwa hewani na nyati wa Marekani kwa sababu alitaka picha ya karibu. Nyati yule anaonekana mpole kama ng'ombe wa maziwa, hadi anapoinua mkia.

Kiingilio ni dola 35 kwa gari kwa siku saba. Kuanzia Januari 2026, asiye mkazi wa Marekani mwenye umri wa miaka 16 na zaidi anaongezewa dola 100 katika hifadhi 11 zenye wageni wengi, Yellowstone na Grand Teton zikiwemo, isipokuwa awe na kibali cha mwaka, ambacho kwa mgeni ni dola 250. Sisi tuliozoea kuona mgeni akilipa zaidi Serengeti na Maasai Mara tunaonja sasa upande wa pili wa dirisha la tiketi.

Hadithi ya Yellowstone ambayo vibao vya zamani havikuieleza ni hii: mahali pale palikuwa na watu. Tukudika, tawi la Washoshone lililoishi kwa kuwinda kondoo wa milimani na kutengeneza pinde imara kwa pembe zao, walikuwa na makazi ndani ya eneo hilo. Makabila mengine yalipita kila msimu, na leo Yellowstone yenyewe inatambua makabila 27 yenye uhusiano nayo. Mwaka 1877 Wanez Perce, wakikimbia jeshi lililotaka kuwafungia katika eneo dogo huko Idaho, walikatiza katikati ya hifadhi iliyokuwa na umri wa miaka mitano na kuwakuta watalii wakiwa wamepiga kambi. Habari hizo hazikuwa nzuri kwa biashara. Msimamizi wa wakati ule, Philetus Norris, alisukuma Tukudika waliobaki waondolewe, na ikawa hivyo mwaka 1879. Yeye na waliomfuata wakaeneza maelezo kwamba wenyeji hawakuwahi kukaa pale kwa kuwa waliogopa chemchemi zinazorusha maji ya moto. Akiolojia imekanusha hilo kabisa, kwani mabaki ya kambi yamepatikana hata karibu na chemchemi zenyewe.

Kuanzia 1886 hadi 1918 hifadhi ililindwa na wanajeshi. Huko ndiko wazo la kuhifadhi kwa kuondoa watu lilikokomazwa, kisha likasafiri. Lilifika kwetu pia: Wamaasai walipohamishwa Serengeti mwaka 1959 kupelekwa Ngorongoro, hoja zilizotumika hazikuwa mbali na zile za Norris.

Majina nayo yanarekebishwa polepole. Mwaka 2022 mlima mmoja wa Yellowstone uliokuwa na jina la Gustavus Doane, ofisa wa jeshi aliyeshiriki mauaji ya Wapiegan wasiopungua 173 huko Montana mwaka 1870, ulipewa jina la First Peoples Mountain.

Grand Teton ina historia tofauti, na hapo ndipo kauboi anapoingia. Bonde lile lilikuwa na ranchi. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920 kampuni moja ilizunguka ikinunua ranchi moja baada ya nyingine bila kutaja tajiri aliye nyuma yake. Alikuwa John D. Rockefeller Mdogo, na lengo lake lilikuwa kuikabidhi serikali ardhi hiyo iwe hifadhi. Siri ilipofichuka wafugaji walikasirika, na hasira ikazidi mwaka 1943 Rais Franklin Roosevelt alipotangaza bonde kuwa eneo la kumbukumbu la taifa. Wakaswaga ng'ombe zaidi ya 500 kukatiza eneo hilo bila kibali, mwigizaji wa sinema Wallace Beery akiwa miongoni mwao juu ya farasi. Suluhu ya mwaka 1950 ilipanua hifadhi, lakini kwa masharti ya ajabu: baadhi ya familia za wafugaji zikabakiziwa haki ya kulisha ng'ombe ndani yake, uwindaji wa elki, yule paa mkubwa wa huko, ukaruhusiwa kwa mpango maalumu, na rais yeyote akazuiwa kutangaza eneo lingine la aina hiyo Wyoming bila idhini ya Bunge. Kwa hiyo ukikuta ng'ombe ndani ya Grand Teton, usidhani wametoroka.

Kijani naipita haraka. Ni misitu ya taifa, na ndiyo rangi yenye ukarimu kuliko zote: kwa kawaida unaruhusiwa kupiga hema bure hadi siku 14 mahali pasipo na kambi rasmi, ilimradi moto haujapigwa marufuku. Ndani ya kijani yamo maeneo yaliyotengwa na sheria ya mwaka 1964 yabaki pori lisiloguswa, ambako injini hairuhusiwi, hata msumeno wa mafuta, hata baiskeli. Mgeni anaweza kutembea humo peke yake wiki nzima. Lakini akitaka kuwinda elki humohumo, sheria ya Wyoming inamlazimu awe na kiongozi mwenye leseni au mkazi wa jimbo mwenye kibali cha kumwongoza. Wakazi wenyewe hawabanwi na sharti hilo. Wanaolitetea husema ni kwa ajili ya usalama. Mimi naona ni kwa ajili ya ajira za waongoza wawindaji, kwa sababu dubu haulizi mtu anatoka jimbo gani.

Nikitaja dubu: kopo la pilipili ya kupuliza linavaliwa kiunoni, si kwenye begi mgongoni, na halipandi ndege hata kwenye mzigo wa chini. Linunue ukishafika.

Nyeupe na njano: alivyotokea kauboi

Nyeupe ni ardhi ya watu binafsi. Itazame kwa makini ramanini utaona inafuata mito. Hiyo ndiyo siri yote ya nchi ya makauboi.

Sheria ya mwaka 1862 ilimpa mtu aliyekuwa tayari kukaa na kulima miaka mitano ekari 160 za ardhi ya umma, yaani hekta 65. Katika jimbo la Iowa, kwenye mvua, familia iliishi kwa hizo. Wyoming, ambako ng'ombe mmoja anaweza kuhitaji hekta nyingi kwa mwaka, zilikuwa mzaha. Wenye akili wakachukua ekari 160 zao kando ya maji, wakaandikisha na za ndugu zao na wafanyakazi wao kando ya maji hayohayo, kisha wakatumia nchi kavu ya juu kama malisho bila kuimiliki. Nani mwingine angelisha huko, wakati mto wote una mwenyewe? Ile nchi kavu ambayo hakuna aliyeitaka kwa hati ndiyo njano ya leo, ardhi ya umma chini ya BLM.

Kauboi alikuwa mfanyakazi wa kuajiriwa ndani ya mfumo huo. Ujuzi wake, tandiko lake na kamba yake vilitoka kwa wachungaji wa Meksiko. Wanahistoria hukadiria kwamba karibu mmoja kati ya wanne waliokuwa wakiswaga ng'ombe kutoka Texas alikuwa mtu mweusi, jambo ambalo sinema zilichukua muda mrefu sana kulionyesha. Ustadi wa kumrukia maksai kutoka juu ya farasi na kumwangusha kwa kumpinda shingo, ambao utauona kwenye rodeo, mashindano ya makauboi, katika mji wa Cody usiku wowote wa kiangazi, ulipata umaarufu kupitia Bill Pickett, mwana wa familia iliyotoka utumwani.

Enzi ya malisho wazi haikudumu. Joseph Glidden alipata hataza ya seng'enge yake mwaka 1874, na matajiri wakaanza kuzungushia hata ardhi isiyo yao, hadi Bunge likapitisha sheria mwaka 1885 ya kukataza kufungia ardhi ya umma. Ishike kichwani sheria hiyo, maana itarudi. Majira ya baridi ya 1886 na 1887 yakaua ng'ombe kwa malaki. Waliobaki wakaanza kugombana: mwezi Aprili 1892 wafugaji wakubwa walikodi wapiga bunduki kutoka Texas na kuvamia Kaunti ya Johnson, wakidai wafugaji wadogo ni wezi. Waliua watu wawili, kisha wakazingirwa na wananchi wenye silaha kwenye ranchi ya TA karibu na mji wa Buffalo, hadi askari farasi wa serikali walipokuja kuwaokoa. Hakuna aliyetiwa hatiani. Ranchi ya TA leo inapokea wageni wa kulala.

Malisho ya njano yaliwekewa utaratibu mwaka 1934. Mfugaji ana kibali cha eneo lake na analipa kwa mwezi kwa kila ng'ombe na ndama wake. Mwaka 2025 ada ya shirikisho ilikuwa dola 1.35. Wanaopinga husema ni bei ya kugawa bure, ukilinganisha na ardhi ya mtu binafsi. Wafugaji hujibu kwamba kwenye njano wao ndio wanaotengeneza uzio, wanaochimba visima na wanaopoteza ndama kwa mbwa mwitu. Wote wana hoja. Linalomhusu msafiri ni kwamba kibali cha malisho hakimpi mfugaji haki ya kukuzuia wewe. Njano ni ya umma. Ukivuka nondo zile zilizolazwa juu ya shimo barabarani ili ng'ombe asipite, ukakuta kundi mbele yako, huna kosa. Punguza mwendo, na geti ulilolikuta limefungwa lifunge tena nyuma yako.

Ngazi ya Elk Mountain

Hapa ndipo pagumu, na hapa ndipo ningependa msomaji akae nami kidogo.

Kusini mwa Wyoming, kandokando ya barabara kuu ya I-80 ambayo ndugu zetu wengi wanaoendesha malori Marekani wanaifahamu kwa upepo wake, ramani inageuka kuwa ubao wa drafti: njano, nyeupe, njano, nyeupe, kwa mamia ya kilomita. Kila kisanduku ni maili moja kwa maili moja, ekari 640. Chanzo ni reli. Ili kampuni ya Union Pacific ijenge njia kuelekea magharibi, Bunge mwaka 1862 na 1864 liliipa visanduku vyenye namba witiri ndani ya maili 20 kila upande wa reli, na serikali ikabaki na vyenye namba shufwa. Wazo lilikuwa kwamba reli ingepandisha thamani ya visanduku vyote, na serikali ingeuza vyake kwa faida. Vya serikali havikupata wanunuzi wa kutosha. Ubao ukabaki.

Sasa fikiria uko juu ya kisanduku cha njano, nacho kinagusana na kisanduku kingine cha njano kwenye pembe tu, huku vyeupe viwili vikiwa pande zote mbili. Unavukaje? Pembe ni nukta isiyo na upana. Mwili wako lazima upite angani juu ya ardhi ya mtu, hata kama mguu haukuikanyaga. Kwa zaidi ya miaka 100 jibu lilikuwa la utatanishi, na watu wengi waliogopa kujaribu. Kampuni moja ya ramani za simu ilikadiria kwamba zaidi ya ekari milioni 8 za ardhi ya umma magharibi mwa Marekani zimefungiwa kwa pembe namna hiyo. Mwenye ranchi aliye na visanduku vyeupe anajikuta, bila hati yoyote, na njano ya kujitawalia peke yake.

Mwaka 2021 wawindaji wanne kutoka Missouri walifika Elk Mountain, mlima wa mita 3,400 ulio katikati ya ubao huo na ndani ya ranchi kubwa ya tajiri anayeishi jimbo lingine. Mwaka uliotangulia watatu kati yao walikuta kwenye pembe nguzo mbili za chuma zenye vibao vya kukataza, zimeunganishwa kwa mnyororo, ingawa hapakuwa na uzio wa kuendelea kutoka nguzo hizo. Wakazishika na kujizungusha kupita. Safari hii walibeba ngazi ya chuma waliyoitengeneza wenyewe, yenye miguu upande huu na upande ule. Wakaisimamisha juu ya nukta ya pembe. Panda, shuka. Njano hadi njano, hawakugusa nyeupe.

Walishtakiwa kwa jinai, na juri ikawaachia mwaka 2022. Mwenye ranchi akafungua kesi ya madai, akitaka mamilioni ya dola kwa hoja kwamba ranchi yake imepungua thamani. Mwezi Machi 2025 Mahakama ya Rufani ya Kanda ya 10 ikawapa wawindaji ushindi kwa kutegemea ileile sheria ya 1885: huwezi kuifungia ardhi ya umma kwa seng'enge, na vilevile huwezi kuifungia kwa kesi. Oktoba mwaka huohuo Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa kusikiliza rufaa.

Kwa hiyo Wyoming, Colorado, Utah na New Mexico, unaweza kuvuka pembe bila kugusa nyeupe. Montana iko chini ya kanda nyingine, na hukumu hiyo haiifungi. Mtu akitoka mji wa Sheridan, Wyoming, kwenda kaskazini anapita mpaka wa majimbo, na nukta ileile ya pembe inabadilika maana yake kisheria.

Buluu, ardhi ya jimbo, ni ndogo lakini ina mtego. Wyoming ilipokuwa jimbo mwaka 1890 ilipewa visanduku namba 16 na 36 vya kila eneo la visanduku 36 ili mapato yaendeshe shule. Jimbo linatakiwa kuvitafutia pesa, kwa hiyo si mali ya umma kwa maana ya njano: kupiga hema na kuwasha moto humo kumekatazwa. Kimoja kilikuwa ndani ya Grand Teton kabisa, njiani mwa swala wa huko wanaohama kila mwaka. Jimbo lilipozungumzia kukipiga mnada watu walipiga kelele, na mwishoni mwa 2024 serikali ya shirikisho ikakinunua kwa dola milioni 100, sehemu yake ikitoka kwa wachangiaji binafsi. Ekari 640 tu. Pesa zikaenda kwenye mfuko wa shule.

Chungwa: nchi ndani ya nchi

Katikati ya Wyoming kuna kipande kikubwa cha chungwa, Wind River, karibu sawa kwa ukubwa na Yellowstone. Ni eneo tengwa la Washoshone wa Mashariki na Waarapaho wa Kaskazini, makabila mawili yaliyokuwa maadui. Washoshone chini ya chifu Washakie walilipata kwa mkataba wa Fort Bridger wa mwaka 1868. Mwaka 1878 jeshi liliwaleta Waarapaho kwa muda. Muda huo haujaisha. Washoshone walishtaki, na mwaka 1938 Mahakama ya Juu ikaamua walipwe fidia kwa nusu ya ardhi waliyopokonywa kuwapa wenzao.

Makabila haya yana serikali na mahakama yao. Mgeni anayetaka kuvua samaki au kutembea milimani upande wao ananunua kibali cha kabila. Leseni ya jimbo haimsaidii. Wengi hujisahau hapa, kwa kuwa barabara kuu inapita katikati na kibao cha kukukaribisha kinaonekana kwa sekunde mbili.

Nguvu za serikali hizo zina mipaka iliyochongwa na mahakama za Washington. Tangu 1978 mahakama ya kabila haiwezi, isipokuwa kwa makosa machache ya ukatili yaliyoongezwa baadaye, kumhukumu kwa jinai mtu asiye mwenyeji wa asili. Je, polisi wa kabila anaweza kukusimamisha? Ndiyo. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu, majaji wote kwa kauli moja, ilisema anaweza kukuzuia kwa muda na kukupekua akiwa na sababu, kisha akukabidhi kwa wengine. Kesi ilitokana na gari lililosimama usiku kando ya barabara ya 212 ndani ya eneo la kabila la Wacrow, Montana, barabara ileile inayotumiwa na karibu kila mtalii anayetoka Little Bighorn kwenda Black Hills.

Ukiangalia chungwa kwa karibu utaona lina matundu meupe. Hiyo ni kazi ya sheria ya mwaka 1887 iliyogawanya ardhi ya kabila kwa familia mojamoja na kuwauzia wengine iliyobaki. Ardhi ya wenyeji wa asili nchi nzima ilishuka kutoka ekari milioni 138 hadi milioni 48 kufikia 1934. Wind River ilifunguliwa kwa walowezi kwa sheria ya mwaka 1905, ukazaliwa mji wa Riverton, na ubishi kama Riverton umo ndani ya eneo la kabila au la ulifika mahakamani tena mwaka 2017. Makabila yalishindwa.

Kuna mahali pamoja ambapo mkataba wa zamani unamnufaisha mgeni moja kwa moja. Mwaka 1896 makabila yaliuza chemchemi za maji moto za Thermopolis kwa dola 60,000. Kutokana na mapatano hayo, Wyoming ina bafu la umma pale ambalo hadi leo halina kiingilio. Unaandika jina, unaogelea dakika 20 kwenye maji ya nyuzi 40, unaondoka. Katika nchi inayokutoza hata kuegesha gari, inafurahisha.

Ukienda kwenye mkusanyiko wa ngoma, kwa mfano Crow Fair mwezi Agosti, simama wachezaji wanapoingia na vua kofia. Mtangazaji atasema ni wimbo gani usipigwe picha, na anamaanisha. Mavazi yale mengi yameshonwa na mama au bibi wa mchezaji. Usiyaguse, na usiyaite ya maigizo.

Kisicho na rangi

Kuna haki ambazo ramani haina wino wa kuzionyesha.

Juu ya milima ya Bighorn, mita 2,939 kutoka usawa wa bahari, kuna gurudumu la mawe lenye kipenyo cha mita 24 hivi na mistari 28 inayotoka kitovuni. Ramani inasema kijani, msitu wa taifa. Magari ya kawaida yanaachwa nyuma na unatembea kama kilomita mbili na nusu, upepo ukikupiga hata Julai. Uzio wa kamba unaolizunguka umefungwa vitambaa vya rangi, vifurushi vidogo vya tumbaku, shanga, picha ya mtoto. Ni sala za watu, zisiguswe wala zisihamishwe. Mara kadhaa kwa mwaka walinzi huwaomba wageni wasubiri kwa kuwa kuna ibada inaendelea.

Msitu huohuo ndio uliozua kesi nyingine. Mwindaji wa Kicrow aliwafuata elki kutoka eneo la kabila hadi ndani ya Bighorn na kushtakiwa na Wyoming. Alitaja mkataba wa mwaka 1868 uliowaachia Wacrow haki ya kuwinda katika ardhi ya Marekani isiyokaliwa na watu. Wyoming ikajibu kwamba haki hiyo ilikufa ilipokuwa jimbo mwaka 1890. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu, kwa kura 5 dhidi ya 4, ilisema haikufa.

Devils Tower, mwamba wa mita 264 unaochomoza mashariki mwa jimbo, ulikuwa eneo la kwanza la kumbukumbu la taifa, mwaka 1906. Walakota na makabila mengine wanauita makao ya dubu na hufanya ibada zao hapo Juni. Tangu 1995 wapanda miamba huombwa wasipande mwezi huo. Huombwa tu: marufuku ingeonekana kuwa serikali inapendelea dini, na hata ombi lenyewe lilipingwa mahakamani. Wengi wanalitii. Wapo wanaopanda.

Little Bighorn, uwanja wa vita ambako Walakota, Wacheyenne na Waarapaho walimshinda George Custer, ofisa wa jeshi la Marekani, tarehe 25 Juni 1876, imo katikati ya eneo la Wacrow, ambao siku ile baadhi ya vijana wao walikuwa maskauti wa Custer. Kwa Wacrow, Walakota ndio waliokuwa wavamizi wa ardhi yao. Mgeni anayekuja na hadithi ya pande mbili, weupe na wenyeji, inamvunjikia hapo. Hadi 1991 uwanja huo uliitwa kwa jina la Custer. Mawe meupe yanaonyesha walipoanguka wanajeshi. Mawe mekundu ya wapiganaji wenyeji yalianza kuwekwa 1999.

Mwisho wa barabara ni Black Hills, South Dakota. Mkataba wa Fort Laramie wa 1868 uliwahakikishia Walakota milima hiyo. Mwaka 1874 msafara wa Custer ukathibitisha kuna dhahabu, na mwaka 1877 Bunge likaichukua. Mwaka 1980 Mahakama ya Juu ilikubali kwamba ilichukuliwa isivyo halali na kuamuru malipo ya takriban dola milioni 105, riba ikiwemo. Makabila yakakataa, kwa kuwa kupokea kungekuwa kuuza. Pesa ziko hazina ya Marekani zikizaa, na zimeshapita dola bilioni moja. Mlima Rushmore wenye nyuso za marais uko humo.

Kilele kirefu cha Black Hills, mita 2,207, kilikuwa na jina la jenerali hadi 2016, kilipopewa jina la Black Elk, mganga wa Kilakota aliyekuwepo Little Bighorn akiwa mvulana. Njia inayotumiwa na wengi kukipanda huanzia Ziwa Sylvan, ndani ya hifadhi ya jimbo inayoitwa Custer State Park, na kiingilio unalipa kwenye geti la Custer.